Kinanda cha mtumba: Uliza spea kabla ya bei

KATIKA maduka ya vyombo vya muziki vilivyokwisha kutumika, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni lile lile: bei gani? La pili ni kama chombo kinalia. Muuzaji anachomeka waya, anabonyeza vitufe vitatu au vinne, sauti inatoka, fedha zinahesabiwa. Swali la tatu, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza, haliulizwi kabisa: kikiharibika, spea zake zinapatikana wapi?

Vinanda vinavyozungumziwa hapa ni vile vya umeme vinavyotengeneza sauti vyenyewe, ambavyo wataalamu huviita sintesaiza. Mpigaji wa taarab huviita vinanda tu, na mwanakwaya vivyo hivyo. Huenda mkulima au mwenye duka akaona kwamba hili ni suala la wanamuziki, halimhusu. Linamhusu sana. Kinanda cha kwaya ya kijijini mara nyingi hununuliwa kwa michango inayotolewa baada ya mavuno. Cha kikundi cha harusi ni mtaji, sawa na pikipiki ya bodaboda au mashine ya kukoboa mpunga. Na anayekiuza ni mfanyabiashara mdogo ambaye mteja wake akiumia leo, kesho hatarudi.

Ikumbukwe kuwa taarab ya kisasa iliposhika kasi katika miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody viliweka kinanda cha umeme pale ambapo zamani palikaa ganuni, fidla na akodiani. Culture Musical Club ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1958, iliendelea na vyombo vile vya zamani. Tofauti ya kibiashara kati ya njia hizi mbili haisemwi mara kwa mara. Udi ukikatika uzi, mpigaji anafunga uzi mwingine na shughuli inaendelea. Kinanda kikifa kipande kimoja kidogo ndani, ukumbi mzima unanyamaza, na mwenye harusi anadai fedha zake.

Wengi hupima uimara wa kinanda kwa uzito. Kikiwa na bodi ya chuma na hakibebeki na mtu mmoja, basi "hiki ni chuma, hakifi". Ni kipimo cha uongo. Vinanda vya miaka ya 1970 na 1980 vinavyofanya kazi hadi leo havikuokolewa na chuma. Vimeokolewa na jambo moja tu, kwamba vilivyomo ndani yake viliendelea kupatikana.

Mfano mzuri ni Prophet-5, iliyotolewa mwaka 1978 na kampuni ya Sequential Circuits ya California, Marekani. Matoleo ya kwanza yalitumia chipu za SSM, yaani vile vijidude vyeusi vyenye miguu vinavyochomelewa kwenye bodi. Toleo la tatu, la mwaka 1980, lilihamia kwenye chipu za kampuni ya Curtis. Mojawapo iliitwa CEM3340, na kazi yake ni kuzaa mlio wenyewe kabla haujachujwa na kupambwa. Chipu hiyo hiyo ikaingia katika Oberheim OB-Xa, katika Memorymoog na katika kinanda kidogo cha Kijapani cha Roland SH-101. Makampuni hayo yalikuwa yakigombea wateja, lakini tumboni mwa mashine zao mlikuwa na kipande kimoja.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, iliyotengeneza sauti kwa njia ya dijitali, na soko likakimbilia huko. Sequential Circuits ilifunga milango mwaka 1987. Uzalishaji wa chipu za zamani ulikoma, na kwa miaka mingi mwenye Prophet-5 mbovu alilazimika kutafuta nyingine iliyokufa ili aipasue.

Lakini kwa kuwa mashine zilizohitaji CEM3340 zilikuwa nyingi na za aina nyingi, wateja hawakuisha. Mwaka 2016 kampuni ya Curtis ilianza kuitengeneza upya. Nakala zake zikatoka pia Latvia kwa jina la AS3340 na China kwa jina la V3340. Mwaka 2020 Prophet-5 yenyewe ikarudi sokoni kama chombo kipya, ikitumia tena chipu za Curtis. Kinanda cha Prophet-5 cha miaka ya 1970 na 1980 kiliuzwa takriban 6,000 tu duniani, idadi ndogo mno, lakini kwa upande wa mlio mwenyewe wa toleo la tatu leo analala usingizi.

Mwenye mashine ya kusaga hahitaji kuelezwa habari hii mara mbili. Injini za Lister zilizoanza kutengenezwa Dursley, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1920 ziliacha kutoka huko katika miaka ya 1980, lakini vinu havikusimama. Viwanda vya Rajkot nchini India viliendelea kutoa injini za mfano ule ule na spea zake. Aliyenunua injini iliyonunuliwa na kila mtu alipata pistoni na pete zake. Aliyenunua injini ya jina la ajabu kwa sababu ilikuwa nafuu aliishia kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu. (Si ajabu sana kulinganisha kinanda na kinu. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, aliyerekodi albamu nzima nzima kwa sintesaiza kati ya 1977 na 1985, alikuwa pia mfanyabiashara mwenye kinu cha unga.)

Hivyo basi, kinanda kikuukuu kinaweza kuwa na bahati ya namna mbili. Ya kwanza ni hiyo ya Prophet-5, yaani kutumia vipande vinavyotumika pia katika mashine za wengine. Ya pili ni ya kuuzwa kwa wingi.

DX7 ina bahati hiyo ya pili. Chipu zake kuu zilitengenezwa na Yamaha yenyewe kwa ajili ya vinanda vyake, na fundi hawezi kuzipata katika duka la kawaida la spea za redio. Zikifa, zimekufa. Hata hivyo, DX7 ziliuzwa zaidi ya 200,000. Ndiyo kusema kwamba kwa kila moja inayofanya kazi ipo nyingine mahali fulani iliyovunjika vitufe au kupasuka kioo, na chipu zake bado ni nzima. Kioo chenyewe, cha mistari miwili ya herufi 16, ni cha aina inayouzwa hadi leo kwa bei ndogo kwa ajili ya mashine za kila namna. Mwenye DX7 mbili, moja nzima na moja mkweche, ana usalama kuliko mwenye kinanda kimoja cha bei kubwa kisichojulikana.

Roland Juno-106 ya mwaka 1984 inafundisha somo gumu zaidi. Inaweza kulia sauti sita kwa pamoja, na kila sauti inategemea kipande kimoja kinachoitwa 80017A. Kiwandani vipande hivyo vilifunikwa kwa gundi ngumu ili kuvilinda. Miaka ilivyopita, gundi hiyo hiyo ndiyo iliyoviharibu. Sauti moja inaanza kukwaruza, nyingine inapotea, nyingine inalia bila kuzimika. Mtu asiyejua husema kinanda kimelogwa.

Mafundi waligundua kwamba kipande kikichomolewa na kulowekwa ndani ya asetoni, gundi hulainika na kubanduka, na mara nyingi sauti hurudi. Asetoni ni maji yale yale yanayotumika kuondolea rangi ya kucha, ingawa kwa kazi hii inatakiwa safi isiyochanganywa na manukato, tena mbali na moto kwa sababu inawaka haraka. Kwa kuwa Juno-106 inapendwa, zipo karakana ndogo ng'ambo ambazo zilianza kutengeneza vipande vipya vya kuchukua nafasi ya 80017A. Isingependwa, hakuna ambaye angejisumbua.

Kinanda cha kuogopa basi ni kile kisicho na bahati hata moja: chipu yake ni ya kwake peke yake, na kiliuzwa kidogo. Hicho hata kikitolewa kwa robo ya bei ni hasara. Rahisi inavunja upishi, walisema wahenga, na hapa wanaovunjikiwa ni watu 30 wa kwaya waliochanga gunia moja moja.

Chipu, hata hivyo, si adui mkubwa wa kila siku. Vinanda vingi vinavyofika kwa mafundi vimeuawa na vitu vya bei ndogo sana, na hapo ndipo mnunuzi na muuzaji wangeweza kuokoa fedha nyingi kwa maarifa kidogo.

Kinachoongoza kwa uuaji wa ghafla ni umeme. Vinanda vilivyotumika Japani vimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa volti 100, na vya Marekani volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Kinanda cha Kijapani kikichomekwa moja kwa moja ukutani kinaweza kuungua kabla ya wimbo wa kwanza kuanza. Maelezo yameandikwa nyuma ya chombo, karibu na tundu la waya, kwa herufi ndogo zinazosomeka bila miwani mchana. Transfoma ya kushusha umeme ndiyo dawa yake, na inapaswa kuuzwa pamoja na kinanda, siyo kutajwa baada ya moshi kutoka. Muuzaji anayejua habari hii na akanyamaza ili asipoteze mteja anafanya wizi, hata kama ametoa risiti.

Kuna betri ya ndani. Wengi hawajui kama ipo. Kazi yake ni kutunza sauti ambazo mpigaji amezitengeneza na kuzihifadhi, kinanda kinapozimwa. Katika vinanda vingi ni betri ya mviringo kama sarafu, inayodumu miaka kadhaa, na ikiisha sauti zilizohifadhiwa hupotea. Kuna nyingine mbaya zaidi. Korg Polysix ya mwaka 1981 ilikuja na betri ya kuchajiwa iliyochomelewa juu ya bodi. Betri hiyo ikizeeka huvuja, na maji yake hula njia za shaba zilizo kwenye bodi hadi zikatike. Mashine yenye uzito wa kilo kadhaa inauawa na kitu kinachotoshea kiganjani.

Fundi mzuri anayepokea Polysix hufungua kwanza, huitoa betri hiyo hata kama bado haijavuja, huweka nyingine ya aina isiyovuja kirahisi, na sehemu iliyokwisha kulika huisafisha kwa siki kidogo kabla ya kuunganisha upya njia zilizokatika. Kwa vinanda vilivyotengenezwa tangu 1983, ambavyo vingi vina tundu la kuunganishia na kompyuta au kinanda kingine, linaloitwa MIDI, sauti zihamishwe kwanza zikahifadhiwe kwingine kabla betri haijaguswa. Mpigaji aliyepoteza sauti alizozitengeneza kwa miaka mitano hatamsamehe fundi kwa urahisi.

Joto nalo linafanya kazi yake polepole. Ndani ya sehemu ya kupokelea umeme kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vyenye majimaji ndani. Kiwanda huandika muda wa maisha yake kwa joto fulani, kwa mfano saa 2,000 kwa nyuzi 105. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10 maisha ya kapasita huongezeka mara mbili. Kwa hesabu hiyo, ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 itafika saa 32,000, yaani takriban miaka 11 kwa kinanda kinachowashwa saa nane kila siku. Ikipandishwa hadi nyuzi 75 kwa sababu kinanda kimewekwa juani au kimefunikwa kitambaa kikiwa kimewashwa, miaka hiyo inakatwa nusu. Faraja ni kwamba kapasita ni kitu cha kawaida kabisa, kinauzwa popote panapouzwa spea za redio, na fundi yeyote mwenye pasi ya kuchomelea anaweza kuibadilisha. Dalili yake ni mngurumo usiokwisha kwenye spika.

Joto liliwahi kumuumbua hata mtengenezaji. Roland JD-800 ya mwaka 1991 ilibandikwa vyuma vidogo chini ya vitufe kwa gundi nyekundu, ili vitufe viwe na uzito mzuri vidoleni. Baada ya miaka gundi ikaanza kulainika na kuchuruzika, ikaingia kwenye swichi za chini. Mafundi hutoa vitufe vyote na kuviloweka katika maji yenye kostiki soda, dawa ile ile wanayoitumia akina mama watengeneza sabuni, na tahadhari ni zile zile: glovu, miwani, na watoto mbali. Mtu anayeishi Tanga au Mombasa akiuziwa kinanda hiki aulize kama kazi hiyo imekwisha kufanyika.

Vitufe vyenyewe hukaa juu ya mipira midogo yenye weusi wa kaboni, mithili ya ile iliyo ndani ya rimoti ya televisheni. Kitufe kisicholia, au kinacholia kwa nguvu moja tu, kwa kawaida kina vumbi au kaboni iliyochakaa. Mara nyingi kukisafisha kwa spiriti kunatosha. Mpira ukichanika ndipo shida inapoanza, kwa kuwa wa modeli moja haukai kwenye nyingine. Hapa tena aliyenunua modeli ya watu wengi anapona.

Vinanda vikubwa vya miaka ya 1990 vilihifadhi nyimbo kwenye disketi. Sony iliacha kuuza disketi nchini Japani mwaka 2011, na vichwa vya kusomea disketi vinachakaa. Badala yake kuna kifaa kinachoingia kwenye tundu lile lile na kusoma flashi. Kwa vinanda vinavyotumia waya wa kawaida wa pini 34 kazi ni nyepesi. Kwa vile ambavyo mtengenezaji aliamua kutumia waya wa namna yake, ni kichwa kuuma, na inabidi kuuliza kabla.

Wapo watakaosema: kwa nini mateso yote haya? Nunua kipya cha dukani, chenye dhamana. Hoja hii ina uzito kwa kwaya inayopiga Jumapili moja moja. Kinanda kipya cha bei ya chini kinawatosha, mradi wajue kwamba wananunua kitu cha miaka michache na waanze mapema kuweka akiba ya kingine. Vinanda vya leo vina bodi moja yenye vipande vidogo kama punje za mtama, vilivyochomelewa na mashine. Kikiharibika kimoja, mara nyingi hubadilishwa bodi nzima, na modeli ikishaondolewa sokoni bodi nayo huadimika. Kwa kikundi kinachoishi kwa kinanda, chenye shughuli tatu au nne kila mwezi, hesabu ni nyingine. Kikundi hicho kinahitaji mashine ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua na kuifunga.

Lakini hata kipande cha kawaida si cha milele, na anayeuza spea aweke macho wazi. Ubongo wa Prophet-5 ni chipu ya Z80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kutumika katika mashine zisizohesabika. Mwaka 2024 kampuni ya Zilog iliacha kupokea maagizo mapya ya chipu hiyo. Baada ya miaka 48! Kwa sasa ziko nyingi zilizobaki kwenye maghala na kwenye mashine zilizotupwa, na bei yake bado ni ya kawaida. Anayeona mbali hununua wakati kama huu.

Hapa ndipo wauzaji wa vyombo vya mtumba wanapokosea zaidi. Kinanda kikifika kimekufa, hutupwa au huuzwa kwa wakusanya plastiki. Ndani yake mna vitufe 61, mipira yake, kioo, vitelezi vya sauti, transfoma na chipu ambazo hazitengenezwi tena. Muuzaji wa magari mabovu hafanyi ujinga huo: anapasua gari, anauza mlango, taa, injini na kioo, na mara nyingine jumla inashinda bei ya gari zima. Duka la vinanda lenye rafu moja ya mikweche iliyoandikwa majina ya modeli lingepata wateja kutoka mikoa mitano, kwa sababu hakuna mwingine anayeifanya kazi hiyo kwa utaratibu.

Waagizaji nao waache kununua kwa macho. Anayeleta vinanda 20 vya modeli 20 tofauti ameleta matatizo 20. Anayeleta 20 vya modeli tatu ameleta vinanda 15 vya kuuza na vitano vya kupasua, na anaweza kumwahidi mteja matengenezo kwa mdomo uliojaa.

Kwa mnunuzi aliyesimama dukani leo, ukaguzi hauchukui nusu saa. Asome volti nyuma ya chombo. Aandike jina na namba ya modeli kwenye karatasi, ampigie fundi wake simu na kumuuliza kama amewahi kuifungua. Abonyeze kila kitufe, kimoja kimoja, kwa upole na kwa nguvu. Kinanda cha sauti sita kibonyezwe vitufe sita kwa pamoja, na kusikilizwa kama kuna sauti inayokosekana au kukwaruza. Ahifadhi sauti moja, azime, anywe chai, arudi kuwasha: ikiwa sauti imepotea, betri imekwisha. Kisha kifunguliwe mbele yake, na muuzaji akikataa kutoa skrubu za chini, bei ishuke au mnunuzi aende duka la pili. Siku betri mpya inapowekwa, tarehe iandikwe kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa kifuniko, ili fundi atakayefungua baada ya miaka sita asianze kubahatisha.